Kishale cha Bibi Chapa

Msimamizi, akijiona mjanja, alitia kwenye kompyuta za ofisi kiprogramu kidogo cha kufuatilia kishale cha kipanya, apate kuwanasa wategeaji. Kishale cha Bibi Chapa, mchapaji mkongwe, kilikaa wiki nzima pembeni ya skrini, hakijasogea hata chembe. Akamfukuza mbele ya watu. Hata kumuuliza hakumuuliza.

"Haya, mwanangu," bibi akasema, akabeba mkoba wake.

Barua zikarundikana, wachapaji watatu wakashindwa kuzimaliza. Hapo ndipo msimamizi alipokwenda kukaa kwenye kiti cha bibi. Kipanya kilikuwa bado kimevikwa nailoni ya dukani. Kwenye kibodi, alikofanyia kila kitu, herufi zilikuwa zimelika hadi kufutika. Akashika simu ampigie. Kumbe miaka yote hiyo hakuwahi hata kumwomba namba.