Minazi ni Yetu, Ardhi ni ya Mungu

Mwaka wa sita wa Uhuru, Mwanaima alikuwa amechoka na redio. Si kwamba alikuwa nayo. Redio ilikuwa ya dukani, na duka lilikuwa la Kilonzo, Mkamba aliyetoka bara akapewa shamba kule vilimani Shimba, kisha akashuka Msambweni kuuza sukari na mafuta ya taa. Kilonzo alikuwa mtu mwema. Kila amwonapo bibi huyu akija humtolea kigoda nje kivulini, akaongeza sauti, maana alijua masikio yake yameanza kuzeeka. Mwanaima hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba siku hizi angependa aipunguze.

Zamani alikuwa akisikiliza kwa hamu. Alikuwa mkata miwa, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu siku za Mwingereza. Hata kusoma alijifunza hukohuko, jioni baada ya kazi, kwa gazeti moja lililopita mikononi mwa watu wengi hata herufi zikafifia. Siku ya Uhuru alicheza mpaka leso ikapasuka. Sasa redio ilisema mkubwa fulani amefungua hiki, mkubwa fulani amefungua kile, wananchi wazidishe bidii. Wale waliouliza mashamba ya Wazungu yamekwenda kwa nani waliitwa maadui wa maendeleo, na wengine hawakutajwa tena kabisa.

"Wamehama redioni," alimwambia Kilonzo siku moja. "Sijui wamehamia wapi."

Kilonzo alitazama barabarani kwanza, ndipo akacheka.

Hata ngoma zilikuwa zimebadilika. Mjukuu wake Mapenzi alicheza sengenya katika hoteli moja ya Diani. Sengenya, ngoma ya kutwa nzima, ilikuwa imekatwa ikawa ya dakika kumi, kwa kuwa wageni husikia njaa. Mwanaima alikuwa na ya kusema juu ya hayo. Mtoto alikuwa anamletea mkate wa jikoni kila Ijumaa, ameufunga vizuri katika kitambaa, na mkate ule ulimeza maneno mengi.

Lakini karatasi ile haikumezeka.

Ilikuwa imebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya chifu. Mwanaima aliisoma akifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, hata akafika mahali pao: kipande chote toka barabara hadi ufuoni, nyumba tisa, minazi ya marehemu mama yake. Pembeni imeandikwa: *Ardhi haina mwenyewe.*

Alijua kosa lilitoka wapi. Miezi mitatu nyuma walikuja makarani na minyororo ya kupimia, wakamkuta kaka yake, Mzee Mangi, wakamwuliza kama ardhi ni yake. Mangi aliwacheka. Kwa desturi yao mnazi una mwenyewe, na huweza kurithiwa ukasimama katika shamba la mtu mwingine. Lakini ardhi? Mtu asemaye "ardhi hii yangu" ni mtu anayetaka kumfukuza jirani. "Ardhi ni ya Mungu, wanangu," aliwajibu. "Yetu ni minazi. Na wale mnaowaona kwenye nyumba zile ni wageni wetu, tumewakaribisha wajenge." Alisema kwa adabu, akawaangulia madafu. Makarani wakanywa, wakashukuru, wakaandika kama alivyosema.

Alipokuwa bado amesimama ubaoni, karani mmoja kijana, jina lake Maweu, alitoka na kiti akamwekea.

"Mama, kaa. Kuna siku ya pingamizi. Alhamisi, pale shuleni. Mtu anaweza kuja kusema ardhi ina mwenyewe." Akashusha sauti. "Njoo. Kuna mtu mwingine ameshaiomba."

Mtu huyo alijileta mwenyewe kesho yake, na kreti ya soda. Alikuwa Charo, mwenyekiti wa tawi la chama tawala, mwenzake wa zamani katika kukata miwa. Siku hizi alivaa kofia nzuri na tumbo lilimtangulia.

"Dada Mwanaima! Hujambo? Waona umri wakupita kando."

"Haunipiti, wanikalia. Karibu kitako, ndugu Charo. Hiyo soda ni ya harusi ya nani?"

"Ya wajukuu zako tu." Akakaa. "Dada, nisikize. Hapa itajengwa hoteli. Vijana watapata kazi. Nyumba yako na ya kaka yako hazitaguswa, nimeshasema na wenye hoteli. Alhamisi wewe nyamaza tu. Watakaokuja wote walikata miwa na wewe. Ukikaa kimya, watakaa kimya."

"Na jirani yangu Sidi? Na wale wengine wa nyumba zile?"

"Wale si ni wageni? Mangi kasema mwenyewe."

Mwanaima alimtazama mtu ambaye, siku ya mgomo, alipigwa rungu la mgongo kwa ajili ya wengine. Mwanaima ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto usiku kucha, na yeye aliposinzia, Charo alimfunika kwa koti lake. Hayo pia yalikuwa kweli.

"Ulipanda juu ya pipa," alisema, "ukasema ardhi ni ya anayeilima."

"Dada, maneno ya juu ya pipa yana wakati wake."

"Na wewe ulikuwa waongopa?"

Charo alifikiri. "La," alisema, na macho yake yalionyesha kuwa asema kweli. "Nilikuwa na njaa."

Alipoondoka, Mwanaima alimwendea kaka yake, akamwambia alilokusudia. Mangi alikuwa akisuka kamba. Alisita.

"Utasimama mbele ya watu useme ardhi ni yako?"

"Yetu, kaka. Ya watu wa mama yetu."

"Ni lile lile. Hajatokea katika ukoo huu mtu wa kusema neno hilo. Mimi siendi."

Alhamisi darasa lilijaa watu hata madirishani. Wazee wa kamati ya ardhi walikuwa ubavuni, afisa wa kutoka bara amekalia kiti cha mwalimu, na Maweu alikuwa na kalamu. Mwanaima alisimama.

"Sasa hii shamba ni ya nani?" aliuliza afisa.

"Ni yetu. Nyumba tisa. Niandikie majina yote, nitakutajia."

"Mama, fomu ina nafasi ya jina moja. Kama haina jina moja, haina mwenyewe."

Minong'ono ikapita. Maweu, bila kuinua uso, alisema polepole, "Taja moja, mama. Usitoke hapa bila jina."

Maisha yake yote Mwanaima alikuwa ameamini kwamba wenye mashamba ndio waliowapinda watu migongo. Alikuwa ameimba hivyo, amefukuzwa kazi kwa ajili ya hivyo, amewafunza wanawe hivyo.

"Ni yangu," alisema. "Andika Mwanaima."

Charo alipiga makofi. "Haya! Bepari huyo! Jamani, huyu ndiye aliyetuimbisha kwenye miwa dhidi ya wenye mashamba. Leo mwenye shamba ni yeye!"

Watu walicheka. Baadhi ya waliocheka ni wa zile nyumba tisa. Hata Mwanaima mwenyewe alijiona vivyo hivyo.

Afisa alipekua karatasi. "Lakini kuna mzee alisema ardhi ni ya Mungu. Yuko?"

Kisha kule nyuma mtu alikohoa, watu wakampisha. Alikuwa Mangi, amevaa kanzu ya Idi. Alikuja mpaka mbele, asimtazame mtu.

"Mimi nilisema vibaya," alisema. "Ardhi ni ya dada yangu. Kwetu sisi urithi wapita kwa wanawake. Muulizeni mzee yeyote hapa." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekiri wizi asioufanya. Wazee wa kamati wakaitikia kwa kichwa, mmoja mmoja. Kalamu ikaandika.

Njiani kurudi Mangi alitangulia mbele, dada yake nyuma. Lakini penye tope, Mangi alisimama, akampa mkono avuke.

Asubuhi yake Mwanaima alisikia hodi mbele ya nyumba. Alishangaa, maana watu wake wote hupita jikoni. Alikuwa Sidi, mjane wa Kiduruma, shoga yake wa miaka kumi na mitano. Ameacha ndara mbali, na kwapani ana kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Wewe Sidi, una wazimu? Tangu lini waniamkia shikamoo?"

Sidi aliinama akaweka kuku chini, miguu imefungwa. "Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kuhamisha jiko langu upande wa pili. Moshi wamsumbua mtoto."

"Ruhusa ya nini? Mwezi uliopita ulichimba choo, ukamwuliza nani?"

"Mwezi uliopita ardhi ilikuwa ya Mungu," alisema Sidi.

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililomchoma Mwanaima: alisema kwa adabu tu, kama mtu aliyeyaona mengi na ajuaye njia ya kuishi nayo. Mwanaima alitaka kumweleza habari ya fomu, na ya jina moja, na kwamba atawaandikia wote kwa mkono wake mwenyewe karatasi za kuonyesha watoto wao. Angemweleza. Lakini kuku alikuwa akipigapiga mbawa mchangani.

"Kuku huyu tutamla leo, sote," alisema. "Umwite na kaka yangu. Haya, twende tukahamishe."

"Bibi, wewe ukae, mimi nitaweza."

Mwanaima alijifunga leso kiunoni. Walipofika kwa Sidi aliinama juu ya majivu, akainua figa la kwanza. Lilikuwa lingali na joto.