Matanga ya Kaka Yake Letay

Siku sulhu ilipotiwa saini, Nasor aliwaona kwenye televisheni wakubwa wa Uhabeshi, waliochinjiana raia miaka miwili, wakipeana mikono na kucheka hadi magego. "Hayawani," alisema, akaizima.

Mwaka mzima ukapita ndipo Letay, Mhabeshi aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwake huko katika nchi ya Waarabu, akapata habari. Letay ndiye aliyemuuguza Khamisa, mke wa Nasor, mpaka mauti, na Kiswahili alifunzwa na marehemu huyo. Kumbe kaka yake Letay alikwisha kufa vitani zamani, na karatasi ya kifo ndiyo kwanza imemfikia mama yao.

"Baba, nataka kumkalia matanga," alimwambia Nasor. " Siku moja tu. Nisipomlilia na watu nitakuwa nimemtupa."

Nasor akaenda mjini Nizwa kuomba mahali kwa Marhoun, mshika funguo za sabla, ukumbi wa kabila lao wa misiba na harusi.

"Sabla ni ya kabila, yaa Nasor. Leo Mhabeshi, kesho Mbengali?"

"Khamisa alipokufa, Letay aliwapikia siku tatu. Mlikula mkaramba vidole, kabila lake hamkuuliza."

"Usinitie maneno. Funguo nimepewa na sheikh."

"Na wakubwa wa Uhabeshi nao walipewa. Kila mmoja kafunga jimbo la kabila lake, kakalia ufunguo na bunduki, maskini wakafa mlangoni."

Akarudi kwake Firq, akafagia majlisi, chumba chake mwenyewe cha wageni.

Ijumaa alasiri wakaja wanawake wanane wa Kihabeshi, watumishi wa majumbani na mahotelini. Nasor akasimama mlangoni na birika la kahawa na, kama alivyolelewa, akawauliza hali, kisha lile ambalo kila mgeni huulizwa:

"Nyie kabila gani?"

Watatu waliokwisha kuvua viatu wakavivaa tena.

"Baba," Letay alisema polepole, "kwetu waliuliza hivyo kwenye mabasi. Aliyejibu vibaya alishushwa, hakupanda tena."

Nasor akashusha birika. Ujanani, alipokuwa akiishi Bujumbura, naye aliulizwa vivyo hivyo kwenye kizuizi cha barabarani, akajikojolea. Mwaka mzima anawatukana wakubwa, na leo kauliza yaleyale, kikombe mkononi.

"Ulimi wangu umeoza, mama zangu. Sikuuliza kitu. Ingieni."

Hakuna aliyeingia. Kisha mmoja mrefu, Yeshi, mpishi wa hoteli ya Jabal Akhdar, akamgeukia Letay. Alisema kwa Kiarabu, ili mwenye nyumba naye asikie.

"Mie ni wa wale waliopigana na kaka yako. Mdogo wangu alikuwa jeshini. Niondoke?"

Letay akamsogelea.

"Alirudi?"

"Hakurudi."

"Basi ingia. Tutawalia wote wawili."

Yeshi akaingia, wengine wakamfuata. Kilio kilipopanda, Nasor akatoka uani, maana matanga ya wanawake hayakaliwi na mwanamume. Akafungua bomba, akasukutua kinywa mara tatu. Bado kilimnukia swali lile.