Mkono wa Mwimbaji

...na glasi ya Mzee Eunan imebaki nusu chini ya bomba, bia nyeusi ikitulia taratibu, povu likipanda, wala siwezi kuijaza, kwa maana sheria ya baa hii niliiweka mwenyewe, mtu akiimba bila ala hakuna kumimina, hakuna kugonganisha vyombo, hakuna neno, na anayeimba ni Malachy, ndugu yangu wa tumbo moja, niliyempiga marufuku kizingiti hiki miaka saba iliyopita, ameingia leo baada ya Misa, mvua ya huku kwetu Clare, Ireland, ikimchuruzika, akasema, "Dada, nimekuja, ukinifukuza nitaondoka," nami nikamgeukia Eunan, nikamuuliza anakunywa nini, kana kwamba sijui, miaka thelathini anakunywa kitu kimoja... "Mimi chai tu, kama ipo," akasema Malachy, chai, Bwana wangu, midomo ile ikaomba chai... akaketi kwenye kona ya wapiga muziki, akafumba macho, akaanza wimbo wa mama, ule ule aliopaswa kuuimba kaburini siku aliyokuja amelewa, akayumba, akaliangukia jeneza, nami nikaapa mbele ya padri kwamba hatakanyaga kwangu tena... ubeti wa pili huu, na mkono wake wa kulia uko wazi juu ya goti, unangoja, kwa kuwa kwetu mwimbaji haachwi peke yake, jirani humshika mkono akauzungusha polepole, kama avutaye ndoo kisimani, mpaka wimbo uishe, na leo hakuna anayeushika, "Mshike basi, we Concepta," Eunan ananong'ona, na Concepta, fidla mapajani, "Nimshike mimi? Kwani baa hii ni ya baba yangu? Mwenye amri yule kule, kagandia bombani," "Basi nyamaza, utatufukuzisha sote"... wananitazama, ee Mungu, wote, nami nimekushukuru kila asubuhi nikifuta kaunta hii, kwa moto wa mboji, udongo mkavu wa kinamasi tunaouchoma kama kuni, ambao haujazimika tangu enzi za bibi, kwa fidla ya Concepta iliyoniinua katika ujane wangu, kwa kila mgeni aliyeingia amelowa akatoka amekauka, lakini nilishukuru kama yule mwana mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyenuna uani akijisifia utii wake, huku ndani wakicheza, ole wangu, niliyewafungulia wapita njia nikamfungia aliyenyonya ziwa moja nami... angeweza kufa mtaroni na wimbo huu ndani yake, wala hakufa, umenirudishia yu hai, sauti imekwaruzika, lakini sikia, ile kupanda kidogo mwisho wa mstari, hiyo ni ya mama, nami nani hata nimlinde mama na sauti yake mwenyewe... ubeti wa nne, asante, asante kwa kuwa mama alipenda nyimbo ndefu, beti ziko saba, zimebaki tatu, nawe husemi tumalize kwanza ibada, wasema sadaka iachwe pale pale madhabahuni mtu amwendee ndugu yake... glasi imetulia, nyeusi tii, inaomba kujazwa, na Eunan atangoja, mkono bado uko wazi gotini, bado hakuna aliyeushika, nami naukausha wangu kwenye aproni, kidole kwa kidole, maana maji ya sinki ni kama barafu, nao usimfikie ukiwa baridi...