Nusu Saa ya Ustaafu wa Selloane

Wananchi wote wa Lesotho, wa milimani na wa mabondeni, mnatangaziwa kwamba Jumamosi hii, saa tisa alasiri, mwanamke mwenye kasi kuliko wote majini katika ufalme wetu atastaafu kwa heshima zote. Sherehe ilichelewa kidogo kwa sababu bwawa la shule lilikuwa bado na vyura.

Vyura walipokwisha kuopolewa kwa ndoo, Selloane alijifunika blanketi akaketi ukingoni. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na bega la kulia lilikuwa likimuuma tangu asubuhi, kule zahanati anakogawa dawa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameogelea mita hamsini mtindo huru. Mara tatu aliipeleka bendera kwenye michezo ya dunia, na mara zote tatu alikuwa wa mwisho katika mchujo wa kwanza, kabla watazamaji hawajaketi. Safari ya kwanza ndiyo iliyomkaa moyoni. Bwawa letu ni la mita ishirini na tano: ukifika ukutani, unageuka. La kule lilikuwa hamsini moja kwa moja. Katikati ya njia mwili wake, bila kumuuliza, ulipiga kichwangomba ukitafuta ukuta wa kusukuma. Hapakuwa na ukuta.

Sasa alitaka tu kulala siku za Jumamosi. Lakini alikuwa amemwahidi Ntate Mokhachane, mzee wetu, katibu wa chama cha kuogelea, kwamba hataacha mpaka apatikane wa kuvunja rekodi yake ya sekunde ishirini na tisa na nusu. Leo alikuwepo wa kujaribu: Khauhelo, msichana wa kidato cha nne.

"Ausi Selloane, dada yangu, nikikushinda tunakuchinjia kondoo," Khauhelo alisema, meno yakigongana.

"Hata kuku nitakula. Ruka."

"Maji haya ni barafu iliyosahau kuganda!"

"Ndiyo maana tunakwenda mbio. Ruka, mdogo wangu."

Mtunza saa, Tlali, kijana mnyofu mwenye adabu na sura ya kuvutia, akapuliza filimbi. Selloane alihesabu mapigo ya mikono ya Khauhelo kama alivyozoea kuhesabu ya kwake. Alimwona akigeuka vibaya, mguu mmoja ukiukosa ukuta. Akashusha pumzi.

"Ishirini na tisa kamili!" Tlali akatangaza.

Wanafunzi walipiga vigelegele. Ntate Mokhachane akavua kofia. "Nenda kapumzike, mwanangu. Umetuhudumia."

Selloane hakushangilia. Alijilaza palepale kwenye saruji, akavuta blanketi hadi kidevuni, akafumba macho. Akawa mstaafu kwa nusu saa nzima.

Lakini hesabu haikumwacha. Mikono arobaini na minane, na mguu ulioteleza. Yeye mwenyewe asingeshuka chini ya thelathini kwa mwendo ule. Angeweza kunyamaza. Ila mwakani ni Khauhelo ambaye angesimama kule kwenye michezo ya dunia peke yake, akiamini namba ambayo hajawahi kuifikia.

"Tlali, lete saa."

"Betri imekufa, Ausi."

"Sasa hivi?"

"Imetutoka ghafla."

"Tlali."

"Naam, Ausi."

"Ulibonyeza kabla hajagusa?"

Hapa nilikusudia kuwasimulia kwamba saa ilikuwa mbovu. Lakini alinitazama kwa macho mekundu ya klorini, yaliyochoka hata yakashindwa kukasirika, nami nikakosa pa kujificha. Tlali ni mimi, na ile sura ya kuvutia nilijiongezea. Nilibonyeza Khauhelo akiwa bado na mikono mitatu kufika ukutani.

"Nilitaka ulale, Ausi," nikasema.

Hakunigombeza. Aliinuka taratibu akilishika bega, akaniambia nimwite Khauhelo arudie, na kabla ya hapo niende kwa Ntate Mokhachane nikaseme mwenyewe. Nikaenda, nikasema.