Kitovu cha Mjukuu wa Jeannette

Shimo lilikuwa tayari chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na Mama Jeannette hakuwa na nia ya kuliacha tupu. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa asubuhi ile hospitalini, na kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani, asije akawa mtu wa kutangatanga. Sasa hapa wodini amesimama mwanamke mwenye boksi la barafu, anakiomba!

Jina lake Francine. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo pale mtaa wa Kasuku, vyumba vitatu vyenye umeme wa jua, ambamo walikuza seli changa za vitovu wakitafuta dawa ya mishipa ya fahamu iliyoharibika. Mtaani waliwacheka: eti kampuni ya kulea vitovu.

Jeannette hakucheka. Mwaka 1998, akikimbia vita, alimzaa Joël porini, na kitovu kikabaki hukohuko, hajui chini ya mti gani. Joël akakua na miguu isiyotulia, hadi shimo la dhahabu la Kampene lilipomporomokea na kumvunja uti wa mgongo. Sasa hatembei, naye ndiye baba wa mtoto huyu. Mama mtu alijilaumu kila alipomwona.

"Hii dawa itamusimamisha mutoto yangu Joël?" aliuliza.

Mchungaji aliyemwombea Joël alishaapa ndiyo, atasimama. Mganga naye, baada ya kula mbuzi, aliapa ndiyo.

"Sijui, mama," Francine alisema. "Tungali tunajaribu. Pengine itamuchelewa Joël, isaidie mutoto wa mwingine. Tunakata kipande tu. Yenye itabakia nitakurudishia mimi mwenyewe, uizike. Kitovu yangu iko Tunda, kijijini kwa bibi. Najua."

Jeannette alimtazama. Msomi mzima, na haoni haya kusema hajui! Akampenda papo hapo, akampa.

Jua halijazama, Francine alifika pale mgombani na kifurushi cha kitambaa cheupe, akapiga magoti matopeni afukie pamoja naye. Joël aliwatazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Mama, kitovu yote imerudia?"

"Hapana. Ingine wanailea kule." Akaitazama miguu ya mwanawe. "Huyu mutoto iko na fasi mbili za kurudilia, hapa na kule. Weye nilikukosesha hata moja."

Joël akasukuma magurudumu hadi ukingoni, akainama alivyoweza, akachota udongo.

"Basi, mama," alisema, akiutupia shimoni, "tuzike na yangu hapa."