Kamba ya Mama Ruzuku

Asubuhi ile Tusekile alimwaga maziwa mferejini, maana tangu serikali ilipoachia huru soko la maziwa, wanunuzi walijipangia bei watakavyo, na kituo cha ushirika hapo kijijini Rungwe kikafungwa. Mumewe, Ambokile, alishakubali: jioni lori lije kumchukua ng'ombe wao wa pekee, nao wapewe ruzuku ya kuachana na ufugaji. Mama wa watu alichoka mwili na roho. Alasiri alijiegemeza kwenye magunia ya pumba, usingizi ukamwiba.

Akajiona katika nchi ya majani mabichi yasiyo na hata alama ya kwato. Njia ilimfikisha kwenye lango lililong'olewa bawaba, na juu ya nguzo alikaa Soko Huria, kijana mtanashati mwenye meno mengi mno, akipaza sauti, "Piteni, hapa hakuna hodi!" Chini yake Mama Ruzuku, mnene, mpole, alimpa kila mfugaji kibuyu cha maziwa na kupokea kamba ya ng'ombe wake. Waliokunywa walikaa chini wakitabasamu, wala hawakuinuka tena. Tusekile aliogopa, lakini kiu ilimzidi, akanyoosha mkono.

"Ngoja, mwanangu," alisema mwanamke mkavu aliyesimama kando, jina lake Ahadi. "Huyu si mtu mbaya. Angekupa majani uvuke kiangazi, ningekusukuma umpokee. Lakini anakulipa ili usivuke. Na kamba hiyo, ni yako peke yako?"

"Ni yangu, mama. Ng'ombe nilipewa na kikundi."

"Kwa sharti gani?"

Tusekile akaitazama kamba. Ncha ya pili ilikuwa ikivutwa polepole kutoka gizani, na aliyeivuta alikuwa akilia. Ile sauti aliijua.

Honi ikamwamsha. Ng'ombe, mwenye mimba, alishapandishwa lorini. Jirani yao Sekela, mjane aliyekuwa wa zamu inayofuata kikundini kupewa ndama, alikuwa akimlisha majani ya kumsindikiza, machozi yakimtoka. Kopa ng'ombe, lipa ndama. Ndivyo walivyoapa wote, na Sekela alishajenga banda.

"Mteremsheni!" Tusekile alipiga kelele. "Ndama jike wa kwanza ni wa Sekela!"

"Mama Lusajo," Ambokile alimwambia mkewe, "na maziwa atanunua nani?"

"Sijui, baba. Hata mimi naogopa. Lakini tulikuwa tunauza ng'ombe wa mwenzetu."

Akapanda lorini mwenyewe, akaanza kufungua fundo la kamba.