Buti za Kharak Singh

Hansa Bora alirudi kwao Silangaon mwezi wa pili akiwa na karatasi moja. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuchukua yale waliyogundua watafiti wa moto na kuyafikisha kwa wenye misitu kwa lugha inayoeleweka. Vaa buti. Safisha mkanda wa kuzuia moto, upana hatua tano, mpaka udongo uonekane. Usingoje mwezi wa nne, siku hizi majani ya misonobari hukauka mapema.

Ila msitu wa Silangaon ulikuwa wa nadhiri. Kijiji kiliukabidhi kwa mungu wao Devi kwa miaka mitano ili wezi wa mbao waogope. Tangu hapo hakuna aliyeingia na viatu wala kuokota hata kijiti, na majani makavu yakalundikana mpaka magotini. Barua ya nadhiri aliiandika Hansa mwenyewe.

"Wezi wamekoma, Baba," alisema mkutanoni. "Na moto je?"

"Moto na Devi watajuana," alijibu baba yake, Kharak Singh, mwenyekiti wa kamati ya msitu.

"Na nyumba zetu?"

"Wewe! Ulipoandika ile barua, nani alikushika mkono? Au huko mjini Devi anakubali kupunguziwa miaka?"

Watu wakaangua kicheko. Hansa aliona aibu, na hasira zikampanda. Kesho yake aliondoka bila kunywa chai, bila kuinama kumgusa baba yake miguu kumuaga, desturi ambayo hakuwahi kuiacha maishani.

Moto ulikuja mwezi wa nne, ukipanda kutoka barabarani. Hansa alipofika, nyumba zote zilikuwa zimesimama. Moto ulikuwa umekomea kwenye mkanda wa udongo mtupu uliokatiza msitu wa Devi. Aliupima kwa miguu yake: hatua tano.

"Nani kasafisha?"

"Baba yako," alisema jirani yao, Radhuli, huku akilia. "Peke yake, kila alfajiri, tangu ulipoondoka. Tulitaka kumsaidia, akatufukuza. Akasema dhambi iwe yake, sisi tusiiguse. Jana moto ulimkuta anamalizia kipande cha mwisho."

Mpakani mwa msitu zilikuwepo buti mpya, zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine. Baba yake alikuwa amezinunua kama karatasi ilivyosema. Kila siku alizivaa mpaka pale, akazivua, akaingia peku kwa heshima ya Devi. Na peku, juu ya majani yanayowaka, mzee hakuweza kukimbia. Watafiti walikuwa wanaujua moto. Kharak Singh hawakumjua. Hansa alimjua, na ndilo lililomuuma.

Nyumbani walikuwa wameulaza mwili wa mzee barazani. Hansa alipiga magoti, akashika pindo la shuka upande wa miguuni. Radhuli akamdaka mkono.

"Usifunue, mwanangu. Huko usitazame."

Hansa akaigusa miguu hivyo hivyo, juu ya shuka.

"Baba," alisema, "nimekuja kukuaga."